Simu Imenizidi Huruma

Jirani, bando linaliwa. Haliliwi na mpira. Haliliwi na zile klipu za vichekesho. Bando langu, jasho langu, pesa ya kuuza peni na bahasha pale steshenari karibu na stendi ya Babati, linaliwa na hisia. Hisia za kidato cha kwanza! Asubuhi najiunga kifurushi cha wiki, najiona mtu. Jioni meseji inaingia: ndugu mteja, umetumia asilimia 100. Nauliza nani kagusa simu. Binti yangu anajibu bila aibu: "Mimi, baba. Nilikuwa naogopa, nikaongea nayo kidogo."

Kaongea na nani? Na simu. Hakupiga simu kwa mtu. Kaongea na simu yenyewe, nayo ikamjibu, ikampa pole, ikamtia moyo, ikala mega zangu.

Enzi zetu mtu akiogopa Kiingereza aliogopa bure. Haikugharimu hata senti. Unakaa nyuma kabisa, unainama, unatafuta kifutio sakafuni mpaka kengele inalia. Kifutio chenyewe hukuwa nacho. Leo woga unajiunga kifurushi.

Chanzo ni madam. Kaletwa madam mpya wa Kiingereza hapo shuleni kwao, shule siitaji, sitaki kesi. Binti mdogo tu, mpole, begi mgongoni, ukimkuta njiani unaweza kumtuma dukani. Anajitolea, kumpunguzia mzigo mwalimu aliyekuwa akibeba Kiingereza cha shule nzima peke yake. Darasa limejaa hadi mlangoni. Siku ya kwanza kaingia, kauliza kaswali kadogo: "How are you feeling today?" Darasa zima kwa pamoja: "We are fine thank you teacher!" Akasema hapana, kila mtu aseme lake. Kimya. Watoto wanasoma maandishi ya kwenye dawati. Mmoja akaanza kulia. Hajapigwa. Hajatukanwa. Kaulizwa anajisikiaje, basi.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi ningechukua fimbo. Yeye kachukua simu.

Subiri nikuelezee, maana na mimi nimeelezwa na binti, kwa bando langu. Mwanafunzi shuleni haruhusiwi kuwa na simu, hilo unalijua. Kwa hiyo madam kaleta kopo tupu la Blue Band. Kila mtoto anachana kikaratasi, anaandika kinachomsumbua kwenye Kiingereza, lugha yoyote, jina asiweke, anatumbukiza. Mchana madam anakaa chini ya mti, anavisoma, anavichapa kwenye akili unde. Hii ChatGPT na ndugu zake. Ilitoka tarehe 30 Novemba 2022 na mpaka juzi mimi nilikuwa najua ni kitu cha Yanga na Simba. Anaiambia: hawa watoto wamesoma msingi kwa Kiswahili, sasa masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, nipangie hofu zao kwa mafungu, kisha nipe zoezi fupi ambalo hakuna mtu atakayechekwa. Inamtolea palepale. Anakata yasiyofaa, anaacha yanayofaa, kesho anaingia nayo.

Zoezi lenyewe ni vituko. Watoto wanakaa wawili wawili, wananong'onezana Kiingereza. Wananong'ona! Halafu wanne wanne, sauti inapanda kidogo. Ndipo anayetaka anasimama. Anayetaka! Na akikwama, ubaoni kuna sentensi ya kujiokoa, imeandikwa kwa chaki nyekundu: "Give me a minute, I am still thinking." Mtoto anaisoma, anakaa anawaza, hakuna anayemgusa. Jirani, mimi sentensi hiyo ningepewa mwaka ule ningekuwa waziri.

Na madam mwenyewe anatibiwa humohumo. Akirudia somo mpaka koo linakauka na darasa bado linamwangalia tu, anatoka nje, anaiandikia: nina hasira, nataka kuingia kuwafokea. Inamjibu taratibu. Inamuuliza kipi hasa kimemkasirisha, watoto au kuchoka. Anapoa. Anarudi ndani anacheka. Walimu wetu sisi wakichoka walituchosha na sisi.

Binti kaniambia baadhi ya vikaratasi. "Naogopa kusimama." "Nikiitwa jina, maneno yote yanakimbia." "Wananicheka lafudhi." Kuna mmoja kaandika: "Historia naijua yote ila kwa Kiswahili." Huyo nilitaka nimtafute nimpe mkono.

Maana hapa kwetu suala la lugha sio mchezo. Wataalamu wanasema ukanda huu wa Kondoa, Babati hadi Mbulu ndipo makundi makuu manne ya lugha za Afrika yanapokutana. Wairaqw na Wagorowa na Kikushi chao. Wabarbaig na Kinailoti. Warangi na Wambugwe na Kibantu. Kisha jirani Wahadzabe na Wasandawe na zile lugha za vidoko. Mtoto anaamka na Kiiraqw, akifika sokoni anabadili Kiswahili, saa mbili asubuhi kaandikiwa ubaoni "photosynthesis". Akigugumia tunasema mtoto huyu kichwa kigumu. Kichwa kina lugha tatu! Changu kina moja na nusu na hakuna aliyewahi kukichunguza.

Mimi Kiingereza nilifundishwa kwa kibao. Kipande cha mbao, kimetobolewa, kina kamba. Ukiponyokwa na Kiswahili unavishwa shingoni. Unatembea nacho mpaka umnase mwenzako, umvishe. Tulijifunza upelelezi, Kiingereza hapana. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alikisimulia kisa cha namna hiyo cha kwao Kenya kwenye Decolonising the Mind, kitabu cha 1986. Kule walivishwa kwa kusema Kigikuyu. Mimi nilivishwa kwa kusema "aisee". Nilijikwaa kwenye jiwe, ikatoka yenyewe. Nikakivaa hadi chooni.

Mwaka huohuo wa 1986, kule Marekani, Elaine Horwitz na wenzake wawili walitoa maswali 33 ya kupima woga kwenye darasa la lugha ya kigeni. Haya kaniambia mpwa wangu anayesoma chuo Dodoma, yule anayekuja likizo kumaliza mchele. Eti moyo unakwenda mbio ukijua utaitwa? Unaogopa wenzako watakucheka ukiongea? Thelathini na tatu! Wangenifikia mimi na kibao changu, ningepata daraja la kwanza. Lingekuwa la kwanza maishani.

Na usisahau kwamba nusura tupone. Mwaka 1982 tume ya Jackson Makweta ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili, ianze 1985. Serikali hilo ikalikataa. Mimi nilikuwa mdogo, naelekea sekondari, sina habari kwamba maisha yangu yako mezani kwa watu. Nchi ingesema ndiyo, leo hii ungekuwa unaniita profesa na hungenidai.

Halafu viboko. Siongelei wale wa Ziwa Babati wanaotoka usiku kula mahindi ya watu. Wale angalau wanaguna kwanza. Kanuni za serikali za mwaka 2002 zinasema visizidi 4, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, na viingizwe kwenye kitabu. Mimi nilichapwa kabla ya hapo. Hakuna kitabu, hakuna sahihi, hata nikitaka kudai fidia sina risiti.

Basi madam akatuma ujumbe kwa wazazi. Mwenye simu janja amsaidie mtoto kufanya mazoezi jioni, akae naye pembeni. Nikajivuna. Mtaa mzima wana vitochi, mimi nina ya kupapasa. Kumbe najivunia hasara.

Nikakaa pembeni nilivyoagizwa. Binti akaandika: "Yesterday I go to the market." Mashine ikajibu: hongera kwa kujaribu, ujumbe wako umeeleweka vizuri, kwa kuwa ni jana, jaribu "went". Halafu ikamuuliza alinunua nini. Hongera! Mtu kakosea, anapewa hongera na anaulizwa habari za sokoni! Mimi nikacheka. Unakijua kicheko changu. Nikicheka hapa, madereva wa bajaji kule stendi wanaambiana mzee yupo. Jirani wa ukuta wa pili akaja kuuliza kuna sherehe gani, nikamsomea sentensi, tukacheka wote.

Mimi sicheki kwa ubaya. Nacheka kwa malezi. Mtoto asipochekwa atajuaje kwamba kakosea? Na mimi nilichekwa, nikaacha kukosea. Niliacha na kuongea pia, lakini kukosea niliacha.

Binti hakusema kitu. Kachukua simu, kahamia chumbani. Na chaja kachukua.

Kuanzia hapo nyumba imebadilika. Mama watoto ananilinganisha na kifaa. Nikiuliza kwa nini chai imechelewa, ananiambia, "Baba nanii, hebu uliza kwa upole, inavyouliza simu." Nikimfokea mdogo wao kwa kumwaga maziwa, yule wa darasa la tatu ananiangalia usoni ananiambia, "Baba, naona umekasirika. Ungependa kuongea?" Mtoto wa darasa la tatu! Nimesomesha, nimelisha, sasa napewa ushauri nasaha na mtu asiyejua kufunga kamba za viatu.

Nikaamua niipime mwenyewe. Dukani, asubuhi, wateja hakuna. Nikaiandikia kwa Kiingereza changu cha heshima, kile cha barua: "I am very annoying today because of you." Nilitaka ijue. Ikanijibu kwamba inasikitika kusikia siku yangu imekuwa ngumu, na kwamba kujitambua ni hatua nzuri. Sikuelewa kanitetea au kanisema. Nikaiandikia tena, kali zaidi. Ikazidi upole. Nikaweka herufi kubwa zote. Ikasema inaona nina mzigo moyoni, hebu tuvute pumzi pamoja.

Pamoja! Yenyewe ina mapafu?

Lakini nimelipia, nikaona nisipoteze. Vuta, hesabu hadi nne. Shikilia. Achia polepole. Nimefumba macho, mashavu yamejaa, mkono nimeuweka kifuani ilivyoagiza. Akaingia mama mmoja anataka bahasha ya khaki. Kanikuta hivyo. Sikumsikia. Nikaja kumsikia akipiga yowe. Vijana wa boda wakavamia duka. Mmoja ananifungua vifungo. Mmoja ananipepea kwa kaunta buku, jipya, plastiki bado, na mpaka leo halijauzika kwa sababu lina alama za dole lenye grisi. Mwingine anapiga kelele apelekwe Mrara, apelekwe Mrara hospitali, pikipiki kashaiwasha. Sasa niwaambie nini? Niwaambie nilikuwa nadhibiti hisia? Mimi, mtu mzima, mjumbe wa msikiti na mwenye duka? Nikasema mwiba wa samaki. Wakauliza samaki gani asubuhi hii. Nikasema perege.

Ndiyo maana ukipita stendi unasikia naitwa Perege. Sasa umejua. Usimwambie mtu.

Mpwa alivyokuja likizo nikamshtakia mashine. Nikitegemea atanitetea, damu yangu. Badala yake kaketi mbele ya sahani ya wali, kafungua mhadhara. Ananiambia hii sio ya leo, mjomba. Mwaka 1966 pale MIT, Joseph Weizenbaum alitengeneza programu inaitwa ELIZA. Haikujua lolote. Ilichukua maneno yako, ikakugeuzia kuwa swali. Ukisema una huzuni, inauliza tangu lini una huzuni. Basi. Lakini karani wake mwenyewe, aliyemwona akiitengeneza, alipoanza kuongea nayo alimwomba bosi atoke chumbani. Bosi! Mwenye mashine! Nikapumua. Nakimbiwa sebuleni kwangu, kumbe nina mwenzangu tangu 1966.

Nikamwambia lakini hii ya madam inawachunguza watoto. Akasema hapana, za kuchunguza zipo, sio hii. Mwaka 2018 shule moja ya Hangzhou, China, iliweka kamera darasani, kila sekunde 30 zinasoma sura: huyu kafurahi, huyu kanuna, huyu kaogopa. Wazungu wa Umoja wa Ulaya wakaona hapana. Tangu tarehe 2 Februari 2025 sheria yao imepiga marufuku mashine kubashiri hisia za watu shuleni na kazini, isipokuwa kwa sababu za matibabu au usalama. Nikamuuliza, na mwalimu wa zamu naye kapigwa marufuku? Maana mimi nilichapwa kwa sura tu. Sikusema neno. Kaniambia "unanuna". Hata sikuwa nanuna, ndivyo nilivyo, muulize mama yangu.

Ya madam, anasema mpwa, haiangalii sura. Mtoto anaandika kwa hiari yake, jina halipo, na madam hachapi jina la mtu wala la kijiji. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kazi tarehe 1 Mei 2023. UNESCO nayo mwaka huo wa 2023 ilishauri watoto chini ya miaka 13 wasiachiwe hizi mashine darasani. Hapo mdogo wa darasa la tatu nikamnyang'anya simu kwa mamlaka ya UNESCO. Ni mara ya kwanza shirika la kimataifa linanisaidia.

Nikamuuliza swali lililokuwa linaniwasha. Huu upole wote, huyu simu kafundishwa na nani? Mpwa akaacha kutafuna. Akasema wengine ni wa hapo Nairobi tu, mjomba. Jarida la TIME liliandika Januari 2023. Kampuni ya Sama ilipewa kazi na OpenAI, wenye ChatGPT. Vijana wakakaa wanasoma maandishi machafu kutwa, ukatili, mambo ya watoto kudhulumiwa, wanayawekea alama ili mashine ijue kuyakwepa. Walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Wapo waliosema kazi ile iliwaumiza akili.

Nilikosa la kusema, na mimi la kusema huwa silikosi. Yaani mwanangu anapewa pole iliyonyooka, haina tusi, kwa sababu kuna kijana wa Nairobi kakaa anameza matusi ya dunia nzima. Yeye pole kampa nani? Nikataka kuiuliza simu. Nikakumbuka bando limeisha. Hasira zikarudi zilipokuwa.

Mpwa akaniambia nisiichukie moja kwa moja. Mwaka 2024 Nigeria, mji wa Benin, Jimbo la Edo, Benki ya Dunia ilijaribu mashine hizi kufundisha Kiingereza wanafunzi wa sekondari baada ya vipindi, wiki 6. Waliohudhuria wakawapita wenzao kwenye mtihani. Lakini walimu walikuwemo chumbani muda wote, wanaongoza. Nikamwambia na mimi nilikaa pembeni. Akaniangalia. Akaomba wali mwingine.

Sasa Jumamosi kikao cha wazazi. Nimevaa shati la Iddi. Viti vya plastiki vimewahiwa na wajanja, mimi nikapewa dawati la fomu wani. Magoti yamegusana na kidevu. Mkuu wa shule kafungua, mwenyekiti wa kamati kashukuru, mtu wa michango ya uji kasoma orodha ya wadaiwa, jina langu likatajwa na likarudiwa kwa sababu kuna mtu alikohoa. Ndipo madam akasimama na kopo lake la Blue Band.

Kaongea vizuri, siwezi kusema uongo. Kasema mashine inamsaidia kupanga, haimsaidii kujua. Katoa mfano. Kuna kikaratasi kiliandikwa "sina nguvu ya kusoma". Mashine ikasema huyu huenda ana msongo wa mawazo, avute pumzi, amwone mshauri wa shule. Wazazi tukaguna, maana mshauri wa shule ndiye huyohuyo mwalimu wa nidhamu. Nani ataenda kumlilia mtu mwenye fimbo mezani? Madam akasema yeye aliutambua ule mwandiko. Ni kijana anayetembea kutoka mbali upande wa Bonga, anafika bila kuweka kitu mdomoni. Akampeleka jikoni, akapewa uji. Kipindi cha nne kijana kasimama, kaongea Kiingereza, sentensi tatu. Hofu yake ilikuwa njaa. Mashine ingeijulia wapi njaa?

Mimi nikaona ndiyo nafasi ya kudai bando. Nikanyoosha mkono. Kusimama nikashindwa, magoti yamenasa kwenye dawati, nikasimama nalo. Madam akasema, "Asante baba, naomba kwanza nisome vikaratasi vya wiki hii, halafu nitakuja kwako." Nikakaa. Dawati likakaa.

Kasoma cha kwanza, mtoto anaogopa mtihani wa kidato cha pili ilhali yuko cha kwanza. Kasoma cha pili, mtoto anapenda Kiingereza ila hana wa kuongea naye. Kasoma cha tatu: "Shuleni sasa siogopi. Naogopa nyumbani. Nikikosea, baba yangu anacheka mpaka majirani wanakuja."

Wazazi wakaangua kicheko. Mimi ndio usiseme. Majirani wanakuja! Nilicheka, jirani, nilicheka machozi yakatoka, nikapiga dawati, nikasema lahaula, kuna wazazi duniani! Mara nasikia nimebaki nacheka peke yangu. Ukumbi kimya. Watu wote wamenigeukia. Mama watoto kaingiza uso kwenye mkoba, anatafuta kitu, hakitoki. Binti yuko dirishani na wenzake, kavuta sweta mpaka juu ya pua. Nikajua ni shati. Nikakagua vifungo. Vipo vyote. Nikakagua zipu. Iko sawa.

Nikaona niokoe hali. Nikasimama na dawati langu, nikasema kwa uchungu kabisa: "Mwenyekiti, mzazi huyu atafutwe! Mtoto kaacha kuogopa mwalimu, sasa aogope baba yake? Huyu ndiye anaturudisha nyuma. Kamati imchukulie hatua!" Makofi yakapigwa, marefu, mpaka mkuu wa shule kapiga. Sijawahi kupigiwa makofi hivyo. Mwenyekiti wa kamati anafuta macho kwa leso.

Madam akasema hatua anayo. Kila Ijumaa mzazi mmoja aje mbele ya fomu wani, aongee Kiingereza chake dakika tano, kibovu hivyohivyo, watoto waone mtu mzima anakosea na paa haliporomoki. Akauliza nani ataanza. Vidole vyote, jirani. Vyote vikanielekea mimi. Hata cha mama watoto, kimetoka kwenye mkoba. Nimepita bila kupingwa, mimi niliyeshindwa ujumbe wa nyumba kumi.

Kwa hiyo sasa bando linaliwa na mimi mwenyewe. Usiku wakilala najifungia na simu. Naandika, "My name is a businessman." Inanipa hongera kwa kujaribu. Inanirekebisha. Inauliza biashara inaendaje. Hakuna aliyewahi kuniuliza biashara inaendaje, hata wenye madeni wanauliza lini tu. Jana nikaandika makala nzima ya mistari minne, ikasema nimepiga hatua. Nikaizima haraka kabla sijaanza kuipenda.

Ijumaa hainitishi sana. Sentensi ya kujiokoa ipo ubaoni, nimeshaikariri. Kinachoninyima usingizi ni yule baba. Nimeulizia Nangara. Nimeulizia Maisaka. Nimeulizia hadi kwa wauza samaki, nikavumilia na jina lao. Kila ninayemuuliza anaangalia pembeni, anakohoa, anasema ana haraka. Wanamlinda, hawa watu. Sasa wewe unashinda hapa dukani kwa Mangi kutwa nzima, lolote linalosemwa mtaani linakupitia. Ukimjua nitajie hata mtaa tu. Nitamfuata kwake, nimkalishe, nimpe ukweli wake wote. Kwa Kiswahili.